Kisima cha Marehemu

Homa ya matumbo haikuniangusha siku moja. Ilinianza kwa uchovu, na uchovu ni kitu ambacho mwanamke mwenye mtoto mdogo hakitilii maanani. Nilikuwa nikiinuka mkekani, magoti yanagoma. Kichwa kikabana kama nimefungwa kilemba na mtu mwenye hasira. Jioni joto linapanda, asubuhi linashuka kidogo, jioni ya pili linapanda kupita la jana. Nikameza klorokwini, maana Tabora homa yoyote tunaiita malaria. Mwili ukaniwasha usiku kucha kwa dawa ile, na homa ikabaki pale pale.

Wewe unayesoma haya umelala na ugonjwa huo, au unamuuguza mwenzio, usitafute kwangu habari za vijidudu. Hizo waulize wa hospitali. Mimi nina habari za kusubiri, za nywele kunyonyoka, na za nyumba iliyotaka kuvunjika kwa sababu ya maji ya kunywa.

Tulikaa Ng'ambo, mjini Tabora, miaka ile ya Ujamaa, wakati ndugu zetu wa vijijini wanahamishiwa vijiji vipya na sisi wa mjini tunaamkia foleni ya sabuni. Mume wangu Shabani alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani. Mimi jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Bi Mwanaidi, ambaye tangu siku ya harusi namwita mama, na aliyenipenda kuliko nilivyotegemea. Mtoto wetu Rehema alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede.

Kisima kilikuwa uani, karibu na mlango wa kutokea kichochoroni. Alikichimba baba mkwe miaka mingi kabla sijaolewa, na alipokuwa mgonjwa wa kufa alisema mbele ya watu kwamba maji yale ni sadaka, asizuiwe mtu, asiulizwe mtu. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, na katika ukoo ule kiu ya njia ya misafara ilisimuliwa kama wengine wanavyosimulia vita. Basi mlango wa uani haukufungwa mchana. Majirani waliingia na ndoo zao, na kila aliyejitwika alisema, "Mungu amrehemu mzee." Mama mkwe, awe jikoni, awe anapeta mchele, aliitikia, "Amina." Kwa imani yetu mtu akishakufa kazi zake zinakoma, isipokuwa sadaka inayoendelea kuwafaa walio hai. Kila ndoo iliyotoka pale ilimfikia mzee kaburini, na mama alikuwa kama mtu anayempelekea mumewe chakula kila siku.

Choo nacho kilikuja kwa nia njema. Redio ilikuwa ikihimiza kila kaya iwe na choo kizuri, balozi wa nyumba kumi anapita kukagua, na chetu cha zamani kilikuwa kimejaa. Ua ulikuwa mdogo. Upande wa kibla hawakutaka, upande wa jikoni haiwezekani, kikachimbwa pale palipobaki, nyuma ya kisima, upande wa juu kidogo. Shabani alikichimba mwenyewe na balozi akatusifu mbele ya majirani. Masika yaliyofuata maji ya kisima yakapanda sana, nasi tukafurahi kwamba kamba ya ndoo imekuwa fupi.

Ilikuwa masika hayo hayo, uyoga umejaa sokoni, niliposhindwa kusimama darasani. Shabani alinipakia kwenye baiskeli, akaisukuma kwa miguu mpaka hospitali.

Benchi la kusubiri lilikuwa refu, na watu wake tulisogea kwa makalio kadiri mlango ulivyofunguka. Mwanzoni nilijitahidi kukaa kwa heshima. Halafu heshima ikaisha. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mkulima, Mmoraviani kutoka vijijini, amemleta mumewe aliyekatwa na jembe. Aliniangalia, akatandika kanga yake mapajani, akasema, "Lala hapa, mwanangu. Zamu yako nitakusogeza mimi." Nikalala. Alikuwa akiimba tenzi kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu anayebembeleza, na kila benchi liliposogea aliniinua kichwa na kunisogeza nacho. Jina lake sikuliuliza. Mpaka leo namwombea dua bila jina.

Walinilaza wodini. Vidonge vilikuwa vya rangi mbili, vichungu hata ndani ya ganda lake, na vilikuja usiku na mchana mpaka siku zangu nikazihesabu kwa vidonge na si kwa jua. Masikio yaliziba. Watu wa kitanda cha pili walizungumza nami nikasikia kama wako ndani ya pipa. Tumbo lilijaa, likauma, likafungua, na juu ya hilo sitaeleza zaidi ila kusema kwamba aibu huisha upesi ukioshwa na mtu mwenye huruma. Maziwa yangu yalikauka kabla Rehema hajawa tayari kuachishwa. Nilimsikia akilia nje ya dirisha, anapitishwa na baba yake, na hilo liliniuma kuliko tumbo.

Daktari alinikataza chakula kigumu. "Utumbo wako sasa ni kama karatasi iliyolowa," alisema. "Uji tu." Nililia kwa hamu ya makande kama mtoto.

Mama mkwe alikuja kila siku kwa miguu. Alileta uji ndani ya chupa ya chai, uliopikwa vizuri, hauna hata donge. Na mkono wa pili alileta maji. Hakutaka ninywe ya bomba ya wodini kwa sababu yalinuka dawa. Alichota ya kisima alfajiri, akayaweka kwenye mtungi uliofukizwa ubani, akanijazia chupa. Alininyanyua shingo na kuninywesha kwa mkono wake. "Kunywa, mama Rehema," alikuwa akisema. "Haya yana dua ndani yake." Nami nilikunywa, na yalikuwa matamu.

Nilirudi nyumbani wakati wa karanga mbichi. Nilidhani yamekwisha. Ndipo nywele zikaanza kutoka. Msusi wa jirani aligusa msuko mmoja, ukamfuata mkononi mzima mzima, akauweka chini taratibu, kama amevunja kikombe cha wenyewe. Baada ya muda nilibaki na mabaka, nikawa navaa kitambaa hata kulalia. Shabani alinitania, "Sasa tukienda kwa kinyozi tutalipa kichwa kimoja." Nilicheka. Halafu nikaingia ndani nikalia, akanifuata, akakaa tu.

Upepo wa baridi wa katikati ya mwaka ulipoanza, homa ikarudi. Sikuamini. Benchi lile lile, kitanda kingine, vidonge vya rangi zile zile. Safari hii nilichoka kabla ya kuugua. Kuna uchovu wa mwili na kuna uchovu wa kujua kinachofuata, na huu wa pili ndio ulionimaliza. Nilipokaribia kutoka, daktari alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unakunywa maji gani nyumbani?"

"Ya kisima."

"Yanachemshwa?"

Shabani, aliyekuwa amesimama, alitazama viatu vyake.

"Nakwambia kama dada yangu," alisema daktari. "Utumbo huu hauwezi tena. Ukirudi mara ya tatu unaweza kutoboka, na ukitoboka sina la kufanya. Na huyo mtoto anayeletwa dirishani, naye anakunywa hayo hayo?"

Ndiyo shida niliyotoka nayo wodini. Nilikuwa narudi kwenye nyumba yenye maji yale, mimi na Rehema, na maji yale yalikuwa ya marehemu.

Bwana afya alikuja baada ya siku chache, kijana wa Kinyamwezi, mpole. Alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mayo," yaani mama kwa Kinyamwezi, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Alizunguka uani, akatazama kisima, akatazama choo, akarudi kukaa. Alionekana kutamani awe mahali pengine.

"Mayo," alisema, "choo kile na kisima hiki ni majirani wanaotembeleana chini kwa chini. Mvua zikinyesha ndiyo wanatembeleana zaidi. Choo mtahamisha, sawa, lakini udongo umeshakunywa. Hiki kisima kifukiwe. Na kabla ya mvua."

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Baba," alimwambia, "mume wangu amelala makaburini hana mkono wala mguu. Kilichobaki kumfanyia kazi ni hicho kisima. Wewe unataka kumwachisha kazi?"

Kijana wa watu alituomba tuchemshe maji, akatia dawa ya unga kisimani, akaaga. Kesho yake majirani walilalamika maji yananuka, na mama akawaomba radhi mmoja mmoja kama aliyewapikia chakula kibaya.

Nikaanza kuchemsha. Hapo ndipo nilipoonja ugeni katika nyumba niliyoishi kama binti. Kwetu kuni chini ya sufuria kubwa uani, asubuhi na mapema, bila mchele wala unga kando, ni jambo moja tu. Ni maji ya kumwoshea maiti. Nililijua hilo, lakini nilifikiri watu wataelewa. Moto haujakolea, Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaingia na kanga kichwani, nyuma yake wanawake wengine, na akaanza kulia pale mlangoni.

"Jamani, mama Rehema! Mtoto mdogo vile!"

"Bi Tatu," nikamwambia, nimeshika upawa, "mimi huyu hapa."

Alinitazama. Nilikuwa nimekonda, kitambaa kimeteleza, kichwa kina mabaka. Sidhani kama aliridhika. Wengine walianza kucheka, mmoja akaketi chini kabisa kwa kicheko, na mimi nikacheka nao mpaka tumbo likaniuma. Mama mkwe hakucheka. Walipoondoka aliumwagia moto maji.

"Umeniitia matanga ya mtu aliye hai," alisema. "Usirudie."

Nikawa nachemsha chumbani, kwenye jiko la mafuta ya taa, kasufuria kadogo, dirisha limefungwa, kama mtu anayepika gongo. Mafuta yenyewe yalikuwa ya foleni. Maji yakipoa yanakuwa hayana ladha, yamelala. Rehema aliyatema. Alishazoea ya mtungi, yenye harufu ya ubani, na mtoto hajui daktari. Siku moja nimetoka msalani nikamkuta amekaa mapajani kwa bibi yake, kata mdomoni, anakunywa kwa pupa, macho kayafumba kwa raha.

Nilimpokonya ile kata. Nilisema, "Mtamuua mwanangu kwa ajili ya thawabu za mtu aliyekwisha kufa." Nilisema kwa sauti, na Shabani alikuwa barazani, na wateja wake walikuwepo. Cherehani ikanyamaza.

Mama alimweka mtoto chini, akaingia chumbani kwake.

Nilimchukia siku ile, nakiri wazi, na nilimchukia zaidi kwa sababu uji wake ndio ulionipa uhai. Nilifunga nguo zetu kwenye shuka ili niende kwa dada yangu, mtaa wa Kanyenye. Nikaufunga mzigo, nikashindwa kuunyanyua. Hata robo ya njia nisingefika. Basi nikakaa juu yake. Shabani aliingia akanikuta hapo, akakaa juu ya mzigo ule ule, tukapeana migongo.

"Niambie unataka nifanye nini," alisema. "Wewe ni mke wangu, yule ni mama yangu, na yule wa makaburini ni baba yangu. Nishonee njia nipite."

"Kifukie."

"Bila idhini yake siwezi."

"Basi tutapanga chumba kwingine."

"Na Bi Tatu? Na hao wengine wote wanaochota? Nao tuwapangie?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mgonjwa hufikiria tumbo lake na la mwanawe. Siku zikapita hivyo, mimi na mama tukiamkiana shikamoo na marahaba, hakuna zaidi. Uji aliendelea kuniletea. Aliuweka mlangoni na kuondoka.

Miembe ilikuwa imeshaanza kuzaa na mawingu yanajikusanya alasiri, ndipo Asha, binti wa Bi Tatu, alipoanguka. Homa ya jioni, kichwa, masikio. Nilizijua dalili zake nikiwa upande wangu wa ukuta, kwa kusikia tu anavyolalamika. Mama mkwe alifuatana nao hospitali, akashinda kwenye benchi pamoja na Bi Tatu. Alirudi magharibi, akasali, akakaa barazani bila kula. Nilitaka kumuuliza, sikuweza. Asha walikuwa wamemlaza.

Kesho yake jioni Bi Tatu aliingia uani na ndoo. Mimi nilikuwa chumbani, dirisha liko wazi. Alichota, akajaza na chupa ndogo ya kupeleka wodini, akajitwika.

"Asha hataki maji mengine," alisema. "Ni haya tu. Mungu amrehemu mzee."

Nilisubiri kusikia amina. Ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba mtu huisikia kabla haijasemwa. Haikuja. Bi Tatu naye alisimama, ndoo kichwani, anaingoja.

"Mwanaidi? Hujambo lakini?"

"Mwaga hayo maji, Tatu."

"Eti?"

"Yamwage. Na ya chupa. Nenda bombani."

"Unaninyima maji ya sadaka? Mimi? Nina mgonjwa!"

"Nakunyima," alisema mama. "Nakunyima, mwenzangu. Nisamehe."

Bi Tatu aliyamwaga pale pale, kwa hasira, yakatulowesha ukuta, akaondoka akilia. Mama alikwenda akafunga mlango wa uani kwa komeo lililokuwa limeshika kutu, akalipiga kwa jiwe mpaka likaingia. Halafu akaja dirishani kwangu. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Alisema, "Nifundishe hayo maji yanachemka mpaka yawe vipi." Nikatoka nikamwonyesha. Tuliketi kando ya lile jiko dogo tukitazama mapovu, na alipoona yamechachamaa akataka kuyatoa, nikamwambia bado, mama, yaache kidogo.

Asha alipona, nalisema mapema msije mkakaa roho juu. Bi Tatu alinuna mpaka binti yake alipotoka wodini, halafu akaja na sahani ya maembe, na mambo yakaisha kwa jinsi yanavyoisha kwa majirani, bila mkutano. Nywele zangu ziliota, laini kama za mtoto mchanga, na kwa muda zilinikaa vibaya. Nguvu zilichelewa sana. Wewe unayeuguza, usimwambie mgonjwa wako "jikaze". Mwandalie mahali pa kukaa jua la asubuhi, mchemshie maji, na umwache anune. Na wewe unayeugua, ukitoka hospitali uliza maji kabla hujauliza chochote. Wakikuona mkorofi, wakuone.

Siku ya kukifukia kisima mvua ilikuwa haijanyesha bado, lakini ilinuka. Shabani alileta wenzake wa msikitini, wakasomba udongo mwekundu kwa toroli, wakaukusanya ukingoni. Wanawake tulikaa upande wa jikoni. Shabani alisoma Fatiha kimoyomoyo, akachota koleo la kwanza.

"Subiri," alisema mama.

Alikuwa amefunga kanga kiunoni na kuvua viatu. Akapita katikati ya wanaume.

"Mama, kaa pembeni, kuna vumbi."

"Siku tuliyomzika baba yako niliachwa ndani," alisema. "Nilisikia jeneza likitoka tu."

Kwetu wanawake hawaendi makaburini kuzika wala hawatupi ule udongo wa mara tatu kaburini, na wale wanaume walijua vizuri anasema nini. Wakampisha. Mama alipiga magoti ukingoni, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa. Tulisikia maji yakiupokea. Akachota wa pili. Alipochota wa tatu hakuutupa. Aliushika, midomo inacheza, anamwambia mumewe maneno ambayo hatukuyasikia na hatukuyauliza.

Shabani aliweka koleo chini, akasubiri mama yake amalize.